Mume wangu anataka nipigwe picha pale alipopigwa marehemu mkewe

Shikamoo Anti,

Mimi ni mke wa mtu, nina miaka 41, nakaa Morogoro. Mume wangu ana 57. Alifiwa na mke wake wa kwanza, akabaki na binti yao mdogo, baadaye akanioa mimi. Huyo binti nilimkuta darasa la sita, nimemlea, sasa ni mtu mzima na anafanya kazi Dar es Salaam. Ananiita mama mdogo na tunaelewana. Mimi na baba yake tuna mtoto wa kiume wa miaka tisa.

Tangu tuoane mume wangu amekuwa akiniahidi safari ya magharibi kwa gari. Mimi mwisho wangu ni Dodoma, Tabora naisikia kwenye asali na Kigoma kwenye dagaa. Mwaka huu ameamua kweli. Gari lipo, likizo ameiomba, tunaondoka shule zikifungwa mwezi wa sita. Nilifurahi sana, Anti, mpaka alipoliteremsha bati la biskuti kutoka juu ya kabati.

Ndani mna picha za safari aliyofanya na marehemu mwaka 1999. Waliazima pikapu ya rafiki yake wakaenda mpaka Kigoma na kurudi. Sasa kila siku baada ya taarifa ya habari anazipanga mezani, simu pembeni imefunguliwa ramani, anaanza: hapa ni Manyoni, tulikula kuku mgumu kama kiatu. Hapa Chaya, tulilala garini. Hapa mbele ya Malagarasi, tumezama, hawa vijana walitusukuma wakakataa hela. Mtoto wetu anacheka, anauliza maswali. Mimi nachambua mchele ambao umeshachambuliwa.

Kuna moja ndiyo inayonimaliza. Ni Ujiji, pale kwenye mnara wa Livingstone. Marehemu ameegemea mwembe, kavaa gauni la kitenge la njano, kandambili kazishika mkono mmoja, mkono mwingine kauweka tumboni. Ana mimba kubwa tu, na mimba yenyewe ndiye huyu binti yetu. Nyuma ya picha kumeandikwa kwa kalamu "Ujiji, Julai 99".

Juzi mume wangu ameniandikia orodha ya sehemu zote walizopiga picha. Anasema tuzipige zilezile, palepale, mimi nikisimama aliposimama marehemu. Tukifika Ujiji niegemee mwembe. Akaongeza, tena kwa furaha, "Ukivaa gauni la kitenge itapendeza zaidi."

Sikujibu kitu. Nimemweleza dada yangu, anasema nigome, niwaache waende wenyewe. Mama yangu anasema marehemu hashindaniwi, ninyamaze niende, nile migebuka nirudi. Mimi mwenyewe kuna siku natamani lile bati lipotee. Na sijui kama huu ni wivu, maana kumwonea wivu mtu aliye kaburini ni aibu hata kuitamka.

Binti hatuendi naye, yuko kazini. Nilipompigia simu kumwambia tunasafiri aliuliza, "Mtapita Ujiji?" Nikamwambia ndiyo. Akakaa kimya kidogo, akauliza ni tarehe ngapi, kisha akaanza kunisimulia habari za foleni ya Mbagala.

Anti, niende au nisiende? Na nikienda, nifanye nini pale kwenye mwembe?

Niliyekuja Baadaye, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na gauni, maana hilo halihitaji mjadala. Hapana. Usivae, usishone, na wala usilicheke kama utani ukidhani litapita lenyewe. Mke hawekwi kwenye nafasi ya mke mwingine ili picha itimie. Kilichokuuma sicho wivu. Wivu ungekuwa kama ungetaka zile picha zichomwe. Wewe unakataa kusimamishwa mahali pa mtu, na mtu yeyote mwenye akili zake angekataa.

Sasa nimgeukie mumeo, na hapa usinikasirikie. Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja nikitafuta ubaya wake, sijauona. Mtu anayekuficha jambo haweki picha mezani mbele yako na mtoto. Huyu ameandika orodha kwa furaha, na amekuambia habari ya kitenge kwa furaha. Hajakaa akafikiri sura yako itakuwaje. Ni uzembe wa moyo, wanaume wengi wanao, na dawa yake ni kuambiwa waziwazi. Wewe umechagua kuchambua mchele uliochambuliwa. Atajuaje?

Halafu kuna jambo jingine nadhani hajalitambua mwenyewe. Anapanga safari kwa picha kwa sababu ndiyo njia pekee anayoijua kuelekea huko, na njia hiyo haipo tena. Mimi nimekulia Urambo, kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, barabara hiyo naijua ilivyokuwa. Mwaka 1999, ukishaiacha Manyoni na kuingia vichaka vya Itigi, ulikuwa unaongea na Mungu wako. Vichaka vile vimeshonana hata mbuzi anapita kwa kuomba ruhusa, na njia ilikuwa mchanga kiangazi, tope masika. Watu wenye haraka zao walipanda treni ya Reli ya Kati, ile ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, na wengine walilipakia gari lao juu ya behewa. Leo Itigi mpaka Tabora ni lami. Hapo Chaya alipolala garini mtapita mkiwa kwenye mwendo, mtoto akiwa amesinzia. Malagarasi nako kuna Daraja la Kikwete, refu, na pale walipozama hamtazama. Hata akitaka kuirudia ile picha ya kusukumwa hatapata pa kuzama wala wale vijana, ambao sasa ni watu wazima wenye wajukuu pengine.

Kwa hiyo nusu ya orodha yake itajifuta yenyewe njiani. Hilo usimwambie nyumbani, mwache akalione.

Nirudi Ujiji, maana ndipo barua yako ilipo. Umeniandikia aya nzima kuhusu picha ya mwembe, na ndani yake umetaja kwamba binti yenu alikuwa tumboni. Halafu mwishoni, kama jambo dogo, umesema binti aliuliza kama mtapita Ujiji, akanyamaza, akauliza tarehe, akahamia foleni ya Mbagala. Mwanangu, mtu mwenye kazi Dar haulizi tarehe ya safari ya wenzake bure.

Ile picha ni yake. Yumo ndani yake, ndiye mtoto anayeshikwa na ule mkono uliowekwa tumboni, na huenda ni miongoni mwa picha chache alizopo pamoja na mama yake ambazo mama anaonekana ana nguvu. Mumeo anatafuta mtu wa kusimama pale kwa sababu kweli kuna mtu anapaswa kusimama pale, ila amekosea mtu. Binti naye haombi kwa sababu anaogopa kukuudhi wewe uliyemlea. Mnaheshimiana mpaka mnaumizana.

Nifanye nini, unauliza. Mpigie binti, kabla hujamwambia baba yake. Usimzungushe. Mwambie, "Nimeiona ile picha ya mama yako Ujiji. Ningependa uende ukaione ile sehemu na baba yako. Nafasi ipo." Kama hataki, atasema, na itakuwa imekwisha. Akitaka, hahitaji likizo ya wiki tatu. Apande ndege ya Dar–Kigoma, awakute nyinyi mmeshafika kwa gari. Ujiji ni kilomita chache tu kutoka Kigoma mjini. Siku mbili au tatu zinamtosha, arudi kazini.

Siku hiyo ya Ujiji waache waende wawili. Wewe na kijana wako mna shughuli nyingine: sokoni kuna migebuka ya kukaanga, na kuna mawese ya kununua dumu zima, hayo ya Kigoma mekundu yenye harufu yake, siyo yale ya kuchanganywachanganywa. Mtoto wa miaka tisa atapenda zaidi kuoga ziwani kuliko mnara wa jiwe. Kama unataka kupaona na wewe, nenda siku nyingine. Pale pana makumbusho yenye historia yote iliyopangwa vizuri, ya mwaka 1871 Stanley alipomkuta Livingstone, na hiyo miembe miwili inayosemekana ilitokana na ule mwembe wa zamani wenyewe. Hata huo mti, unaona, si uleule. Simama upande mwingine, vaa suruali, piga picha na mtoto wako.

Sasa mumeo. Zungumza naye siku ambayo bati halipo mezani. Sema maneno machache na usilie kama unaweza, maana ukilia ataanza kukubembeleza na hoja itapotea. Mimi ningesema hivi: "Safari nataka sana. Picha za marehemu ziangalie, sina neno, na huyu mtoto azijue. Lakini mimi sitasimama aliposimama yeye. Nimeshaongea na binti, yeye ndiye wa pale." Kisha nyamaza. Atakaa kimya, huenda muda mrefu. Akishtuka na kuomba radhi, pokea, usimhesabie. Akikuambia unamwonea wivu marehemu, mwambie hapana mara moja tu na uende ukalale. Nina imani kesho yake atakuwa amelifikiria.

Dada yako anakuambia ugome. Ukigoma, safari itakuwa kweli ya marehemu, na mtoto wako ataikumbuka kama safari ambayo mama hakuwepo. Mama yako naye ana nusu ya haki: marehemu hashindaniwi. Ila kutoshindana hakumaanishi kujaza nafasi yake.

Kuna kitu cha kubadilisha kwenye ramani yenyewe, na hiki mpelekee kama pendekezo la msafiri, si la mke aliyeudhika. Wao walienda Kigoma wakarudi njia ileile. Nyinyi msirudi hivyo. Kutoka Kigoma shukeni Uvinza, kwenye chumvi, mwende Mpanda, Katavi, Sumbawanga, mtokee Tunduma na Mbeya, kisha Iringa, mteremke Kitonga, mpite Mikumi mfike nyumbani. Kwenda ni njia anayoijua yeye na atasimulia apendavyo, nawe msikilize. Kurudi hakuna anayeijua kati yenu. Hakuna picha hata moja kwenye lile bati ya upande huo, na dereva atakuwa anauliza njia kama wewe.

Na huko ndiko kwenye mambo, kama mnataka kujua. Sitalike, kijiji kilicho kwenye lango la Hifadhi ya Katavi, viboko mnawaona kwenye mto Katuma mkiwa hamjalipa hata kiingilio. Kiangazi kikikaza, maji yanapungua na wao wanabanana kwenye tope mgongo kwa mgongo, wanang'atana, wananuka, na kelele zao kijana wako ataziigiza mpaka Morogoro mtachoka. Hifadhi imekuwepo tangu 1974 na wageni ni wachache kabisa ukilinganisha na kaskazini, mnaweza kuzunguka muda mrefu bila kukutana na gari jingine. Ndani kuna mkwaju ambao wenyeji huutambikia mzimu wa Katabi, na jina la hifadhi limetoka huko. Mkiwa Sumbawanga, ongezeni siku ya maporomoko ya Kalambo mpakani na Zambia, maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Mimi ningeacha Gombe, ile hifadhi ya sokwe karibu na Kigoma, kwa ajili ya Kalambo, hasa mkiwa na mtoto, kwa kuwa kwa sokwe kuna masharti ya umri, mnavaa barakoa, na mwenye mafua harudishwi nyumbani kwa upole. Sokwe wanashika magonjwa yetu ya kifua, kwa hiyo masharti yana sababu.

Mwezi wa sita mmechagua vizuri. Mvua za magharibi huanza mwezi wa kumi na moja hivi na kumalizika kuelekea wa tano. Ila kipande cha Uvinza–Mpanda msikiamini kwa ramani ya simu, ramani haijui kama greda limepita au daraja limechimbuliwa. Nendeni stendi ya Kigoma jioni kabla ya kuondoka, mtafuteni dereva wa basi la Mpanda aliyeingia siku hiyohiyo, mumnunulie chai. Jazeni tangi kila mnapokuta kituo, hata kama lina nusu. Na kama mzee ana hamu ya kupanda MV Liemba, maana nina hakika iko kwenye zile picha, meli ile iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa vitani na kuibuliwa, asiipange mpaka aulize bandarini. Imekuwa kwenye matengenezo makubwa.

Kuhusu bati. Usitamani lipotee, na kabla ya safari lifanyie kazi, wewe, kwa mikono yako. Nasema wewe si kwa ajili ya adhabu. Ukizishika picha moja moja zitaacha kuwa kundi linalokukabili mezani, zitakuwa karatasi, na utaona mengine: uso wa mumeo akiwa na miaka 31 na nywele, bei ya soda kwenye ubao wa duka, mtoto aliyeingia kwenye picha bila kualikwa. Zipige kwa simu karibu na dirisha, mchana, bila mwanga wa simu, picha ikiwa imelala juu ya kitambaa cheusi, vinginevyo zitang'aa. Kama kuna zilizobandikwa kwenye albamu za kunata, usizivute kwa kona. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake taratibu. Na bati la biskuti juu ya kabati si mahali pa picha kwa hewa ya Morogoro, ukungu utazila. Tafuta bahasha za karatasi, siyo mifuko ya nailoni, na uziweke kwenye droo kavu.

Muhimu zaidi, kaa na mumeo akutajie kila aliyemo na mahali, uandike nyuma kwa penseli laini. Kalamu hupenya na kutokea mbele. Ana miaka 57, anakumbuka. Akifika 75 atasema "hawa nadhani ni wa Tabora". Hasi za mkanda, zile filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwake, kama zimo chini ya bati, usitupe hata moja. Zile ndizo mpe binti zote pamoja na picha ya Ujiji yenyewe. Nyinyi mbakie na nakala.

Picha mpya mtakazopiga, pigeni jinsi mnavyotaka. Ningeshauri mumeo naye aingie kwenye picha, maana kwa ulivyosimulia, mwaka 1999 yeye ndiye aliyeshika kamera muda mwingi. Hivi umeona hata moja aliyomo akiwa na marehemu? Muulize. Inawezekana hana, na hilo litakueleza mengi kuhusu orodha yake.

Niandikie mkirudi. Na usisahau, nguo za bluu na nyeusi ziacheni nyumbani, mbung'o wa Katavi wanazifuata rangi hizo, na wanang'ata hata juu ya jinzi. Hata za kitenge, kagua rangi kwanza.

Anti